Mama Maua Wawili

Tabora, 3 Juni 2024

Dada Zamda,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana ukiisoma umesimama utaninunia kabla hujafika nusu. Ni mimi, Najiat. Mwandiko unaujua, ulinifundisha mwenyewe kwa fimbo ya mpera pale kwetu Kanyenye.

Najua afisa ustawi alikupigia simu kukuambia kwamba niko hai. Mengine aliniachia mimi. Ile kazi ya upishi mgodini niliyoahidiwa na yule mama wa vitenge haikuwa kazi. Tulipovuka ziwa alichukua vitambulisho vyetu, akatuacha kwa mtu aliyetuita mali yake. Nilipika, na yasiyo ya kupika pia, bila mshahara wala ruhusa ya kutoka nje ya uzio. Mwaka huu yule mtu akanibebesha dhahabu yake nije nayo kwa treni, akamtuma na mtu wa kunilinda. Tulipofika stesheni ya Tabora mlinzi akakimbia, mimi nikakamatwa. Hapo utajua kwa nini nilishtakiwa.

Lakini usitishike. Mahakama hapa ina kikao cha pembeni kwa ajili ya watu waliouzwa kama sisi. Tunakiita Kikao cha Jumatano. Hakimu anashuka kwenye kiti chake cha juu, anakaa nasi meza moja, na chupa ya chai iko katikati. Shtaka langu limewekwa kando. Nikihudhuria hadi mwisho, nikaonana na mshauri na kujifunza kazi, litafutwa. Mshauri wangu anaitwa Suzana. Ananisikiliza hadi naona haya. Amenipeleka pia kwa fundi wa mikate, na juzi nimepika mkate wa kumimina, wote wakausifu.

Simu haturuhusiwi, maana wale watu bado wanatutafuta. Hata nyumba ninayolala sitaitaja. Barua mpe Shaban wa asali, ambaye afisa anasema huleta asali mjini kutoka kwenu, aziache mahakamani kwa Suzana.

Siku ya kwanza hakimu alisema pale hakuna mtu anayeitwa mshtakiwa, kila mmoja aseme anataka aitweje. Wenzangu wakataja majina yao. Mimi nilisema naitwa Mama Maua. Kule mgodini hakuna aliyewahi kuniita hivyo, dada, na nilikuwa nalitamani kuliko chakula. Sasa wote wananiita hivyo, hata askari wa mlangoni.

Niambie habari za mwanangu. Halafu kuna jambo moja kubwa: kila anayemaliza lazima ndugu yake aje kikaoni, aseme anamjua na anampokea. Mimi ndugu ninaye mmoja tu. Utakuja?

Mdogo wako,
Najiat, Mama Maua


Ipole, 11 Juni 2024

Najiat,

Marahaba. Nimeisoma nimesimama, na nimenuna.

Usidhani sikulia. Nililia hadi mume wangu Uwesu akaacha mizinga yake juu ya mti akaja mbio, akidhani nimeumwa na nyuki. Nilishakusomea dua ya marehemu, mwenzio. Mtu akifufuka, furaha yake ina kizunguzungu, na mimi kizunguzungu hicho bado ninacho.

Ila nimesoma na yale mengine. Kumbe una watu. Hakimu anakaa na wewe mezani, chai iko katikati, na huyo Suzana anakusikiliza hadi unaona haya. Vizuri sana. Mimi tangu uondoke, hakuna hakimu aliyeshuka kwenye kiti kuja kuniuliza nimelalaje. Mtoto aliharisha, akaumwa surua, akalilia maziwa ya mama aliyekwenda kutafuta maisha, na mshauri wangu alikuwa ukuta. Na huo mkate wa kumimina nani alikufundisha? Nilikushika mkono kwenye kile kikaango cha shaba cha marehemu mama, ukaunguza mara ngapi sijui. Leo unasifiwa, na sifa anabeba Suzana. Sisemi kwa ubaya. Nasema tu ili mkate ujue kwao.

Maua ni mzima. Yuko darasa la pili. Anapenda matobolwa ya viazi vitamu kwa karanga, na asali anailamba hadi kiwikoni. Akili anayo, ila hesabu hapendi, kama wewe.

Hilo jina ulilojichagulia, kwani huko hawakukubali Najiat? Najiat ni jina zuri, alilichagua baba mwenyewe. Ningekuwa wewe ningelitumia.

Kuhusu kuja, tutaona. Sasa hivi ni msimu wa kurina asali na soko la tumbaku limefunguliwa, hapa kila mtu ana mikono miwili tu.

Maua kaomba aandike kidogo mwenyewe. Nimemwachia nafasi hapo chini.

Dada yako,
Zamda

Shikamoo mama mdogo. Mimi sijambo. Nimengoka jino. Asali ipo nyingi njoo. Maua


Tabora, 19 Juni 2024

Dada,

Shikamoo.

Nimepokea salamu ya Maua na sikuiitikia. Mwambie hivyo, au usimwambie, hiari yako. Suzana aliniuliza mbona nimekunja karatasi na kuikalia, nikamwambia nina shikamoo ya mtu mwingine mkononi.

Mama mdogo ni nani? Maua ana mama mkubwa mmoja, ambaye ni wewe. Mama mdogo hana, kwa sababu baada yangu mama hakuzaa mtoto mwingine. Sasa mtoto wa darasa la pili hakujitungia neno hili. Kuna mtu kamfundisha.

Nakuuliza kwa adabu zote: mimi nikiwa mama mdogo, mama ni nani?

Leo kikaoni nilishindwa kukaa. Mwenzangu mmoja kutoka Usinge ameletewa mwanawe amwone, mtoto wa kunyonya tu, hajui hili wala lile, lakini kamrukia mama yake kifuani. Nilimwonea wivu hadi nikatoka nje. Huo ni wivu wa mtu mbaya, najua, maana yule dada ameteseka kunishinda. Kisha nikafikiria mtu anayemsuka Maua asubuhi, anayemfunga vifungo vya sare, anayeitwa jikoni akaitika. Wivu ule wa kwanza ukawa mdogo sana.

Nilipokuwa kule nilikuwa nikilitaja jina lake kila ninaposonga ugali, nisije nikalisahau. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, dada. Usinijibu kwa habari za nyuki.

Najiat


Ipole, 27 Juni 2024

Najiat,

Marahaba, ingawa shikamoo yako ilikuja na kisu ndani.

Umeanza na methali, basi chukua na ya pili: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Hizo zote mbili alizisema bibi yetu mmoja, kwa hiyo usijifanye ya kwako ndiyo iliyoshuka kutoka mbinguni.

Unataka kujua mama ni nani. Nitakuambia, na hutapenda.

Nilipoolewa na Uwesu nilikuja Ipole na mtoto mgongoni. Mama mkwe alitupokea mlangoni, akamwuliza mtoto anaitwa nani. Mtoto akasema Maua. Basi mama mkwe akageuka akaniambia, karibu Mama Maua, pita ndani. Hapo hapo, kabla sijaweka mzigo chini. Hakuna aliyeniuliza kama nimemzaa, na mimi sikusema. Uwesu anajua, na amenyamaza kwa kunihurumia.

Unakumbuka Kanyenye nilikuwa naitwaje. Mume wangu wa kwanza aliniacha kwa sababu sishiki mimba, na wanawake wa mtaa ule walikuwa wakinikabidhi watoto wao kwa ncha za vidole, kama vile utasa ni upele. Kuitwa Zamda na watoto wadogo, mwanamke mtu mzima, kwa sababu hakuna jina jingine la kukuitia. Ipole nikaoshwa na neno moja. Kisimani mimi ni Mama Maua. Kwenye chama cha msingi, pale tunapopeleka tumbaku, mimi ni Mama Maua. Msibani nawekwa jikoni na wenye watoto. Na wewe hukuwepo kulitumia jina hilo. Tulishakuzika.

Mtoto alianza kuniita mama mwenyewe. Picha yako ninayo, ile ya Idi, na aliponiuliza huyu nani, ilibidi niseme kitu. Nikasema mama mdogo. Ningesemaje? Mama mkubwa nilikuwa siwezi kukuita, umri hauruhusu.

Sasa unatoka huko na hakimu wako, na Suzana wako, na chupa ya chai, na askari wa mlangoni, wote wanakuita kwa jina langu. Una mahakama nzima, Najiat. Unafundishwa kazi, unafutiwa mashtaka, unaulizwa unataka uitweje. Mimi nina neno moja tu, na hilo ndilo ulilokwenda kulichagua.

Naona wivu, ndiyo. Nimeandika ili usihangaike kunisoma katikati ya mistari.

Zamda


Tabora, 11 Julai 2024

Dada Zamda,

Shikamoo.

Nilitaka kukujibu vizuri. Nilikuwa nimeanza kuandika kwamba sikujua, kwamba kule nilikosea kudhani maisha yako yamesimama kunisubiri. Karatasi hiyo nimeichana leo.

Jana kikaoni hakimu alisema ofisi yake ilimpigia simu mtendaji wa kijiji chako, ili ndugu wa Mama Maua atajwe na apangiwe siku ya kuja. Mtendaji akajibu kwamba Mama Maua anamjua vizuri, ni mke wa Uwesu mfuga nyuki. Amemwuliza mwenyewe, na Mama Maua amesema hana mdogo wake.

Hakimu alinitazama kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kofi. Alidhani undugu huu nimeutunga, na kwamba unayeniandikia ni jirani tu. Suzana akanitetea, akasema wanaotoka huko huchanganya mambo wakati mwingine. Yaani nimetetewa kwa kuitwa mgonjwa.

Hali ilivyo sasa ni hii. Asiye na wa kumpokea shauri lake halifungwi, wala hawezi kukabidhiwa mtoto wake. Nisipopata ndugu hadi mwisho wa mwezi huu, nitahamishiwa kwenye nyumba nyingine Dodoma, nikae huko hadi Mungu apende. Kikao cha mwisho ni tarehe thelathini na moja, Jumatano, asubuhi.

Kule mgodini kila siku waliniambia sina mtu. Niliwabishia miaka yote ile, dada, na ushahidi wangu ulikuwa wewe.

Najiat


Ipole, 18 Julai 2024

Najiat,

Hukuweka shikamoo ya moyoni, nami marahaba nitaiweka akiba.

Unajua mtendaji alivyoniuliza? Hakuniita ofisini. Alikuja kwenye soko la tumbaku, watu wamejaa, mizigo inapimwa, akasimama kwenye mlango wa ghala akapaza sauti: Mama Maua, mahakama ya Tabora inakutafuta, kuna kesi ya dhahabu. Watu wote wakageuka. Mama mkwe akaangusha kikapu. Mwanamke mmoja akasema, ndiyo maana siku hizi anavaa vitenge vipya. Mtendaji akasogea akasoma kwenye simu yake kwamba Mama Maua aliuzwa ng'ambo ya ziwa, akatumiwa hivi na hivi, na anatafutwa ndugu wa kumpokea. Alisoma kila kitu, Najiat, mbele ya wapimaji. Alidhani ni mimi. Jina lilikuwa moja, angejuaje?

Maua alikuwa ameshika nguo yangu. Akauliza kwa sauti, mama, wewe uliuzwa?

Nikasema kuna makosa, si mimi. Mtendaji akaniuliza, basi ni mdogo wako? Ningesema ndiyo, neno la pili lingekuwa: kama Mama Maua ni yule, wewe ni nani? Niliona swali linakuja kwenye nyuso zao. Nikasema sina mdogo.

Nimekuambia ilivyokuwa. Sikuombi unisamehe na wala sijasema nilikosea, maana hata leo wakinizunguka vile sijui ningesema nini. Unaumia kwa kunyimwa ndugu. Mimi natakiwa nisimame mbele ya watu nijivue mtoto.

Tangu siku ile Uwesu haniiti kwa jina lolote. Jana alikaa akisafisha bomba la moshi la kurinia asali, akasema bila kunitazama: "Malkia wa nyuki akirudi mzingani akakuta malkia mwingine, hupigana hadi mmoja afe. Nyinyi mna midomo, ongeeni."

Nikamwambia aende akaongee na nyuki wake.

Maua amepata jino jipya. Ameuliza kama mama mdogo ameitikia salamu yake. Nimesema posta ni mbali.

Zamda


Tabora, 22 Agosti 2024

Dada Zamda,

Shikamoo. Hii ni ya moyoni, itazame vizuri.

Nimekuandikia mara tatu tangu siku ile ya kikao cha mwisho na zote hazikufaa. Sasa nina chumba changu Ipuli, mlango wangu, ufunguo wangu. Fundi wa mikate amenipa kazi. Nyumba hii naruhusiwa kuitaja, kwa hiyo naitaja: nyuma ya msikiti mdogo, geti la kijani.

Sikukuona ulipoingia. Nilimwona kwanza Uwesu na ndoo ya asali, nikadhani umemtuma yeye aje kusema huji. Ndipo nikaona kanga yako. Ulimpita Suzana bila salamu, ukaichukua ndoo ukaibwaga mbele yake, ukasema, haya, na wewe ule. Hadi leo ananiuliza ilikuwa zawadi au ugomvi. Nimemwambia kwetu vyote vinakuja kwenye ndoo moja.

Hakimu alipokuuliza wewe ni nani wa Mama Maua, mwandishi aliinua kichwa akusubiri. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Nilijiambia, akisema Mama Maua ni mimi, sitabisha, nitakwenda Dodoma. Nakuapia nilikuwa tayari, kwa sababu Maua alikuwa amesimama kati ya miguu yako, amekunja pindo la kanga yako kwenye kidole, na niliona amezoea kulikunja hapo.

Ukasema: "Mimi ni mama mkubwa wa Maua. Mama Maua ni huyu hapa, na mimi nampokea."

Kisha ukatoka nje, na chai hukunywa. Nilikufuata hadi kwenye ngazi, ukaniambia nisikuguse kwanza. Sikukugusa. Uwesu aliniambia baadaye kwamba uliporudi Ipole ulikwenda mwenyewe hadi kwenye ghala, ukawaambia wote waliokuwepo, na mtendaji akiwemo. Sikumwuliza sasa wanakuitaje. Naogopa jibu.

Shtaka limefutwa. Hakimu alisoma, nikapigiwa makofi. Nilitafuta uso wako kati ya wale waliokuwa wakipiga, nikakumbuka uko nje.

Sasa nikuambie lililonileta. Kupitia Uwesu tulikubaliana Maua akae nami likizo hii, tuone. Ni mtoto mzuri. Anakunja nguo zake kwa namna yako, mikono ndani kwanza. Mkate wangu anakula, ila anasema wa kwako una iliki zaidi. Mimi ananiita "wewe". Sijamlazimisha. Asubuhi ya jana alijikata na kisu kidogo tu, akaita mama. Nikaacha unga nikakimbia, nikaitika abee, abee mwanangu. Akanitazama, damu inatoka, akasema kwa heshima kabisa, si wewe.

Nikamfunga kidole. Moyoni nilikuwa nakuonea wivu wa kukata roho. Miaka yote ulikuwa unaitwa hivyo na ukaitika, na kila ulipoitika ulikuwa unaitika na kwa ajili yangu, ila mimi sikuwepo kusikia. Nilitaka kukuchukia nikashindwa, maana kidole alikinyoosha mwenyewe, hakulia, na hilo umemfundisha wewe.

Nikamwambia, basi tumwandikie. Akauliza aandike kwa nani, kwa mama au kwa nani. Nikamwambia ukweli wote, polepole, kama Suzana alivyonielekeza: nani alimzaa, nani alimlea, na neno la kila mmoja. Alifikiri sana. Kisha akaomba kalamu. Sikumwongoza mkono wala sikusoma hadi alipomaliza.

Likizo ikiisha nitamrudisha amalizie mwaka wa shule kwako. Baada ya hapo tutapanga sisi wawili, bila hakimu.

Mdogo wako,
Najiat

Shikamoo mama mkubwa. Kidole kimepona. Huku hakuna nyuki. Unakula na nani. Maua


Ipole, 30 Agosti 2024

Maua mwanangu,

Nala na baba yako mkubwa wa mizinga, yaani Uwesu, na hana mazungumzo.

Barua yako niliipokea kutoka kwa Shaban pale pale kisimani, nikaisoma mbele za watu. Walinisikia nikilisoma lile neno, na ndoo yangu ikajaa ikamwagika. Wamezoea sasa. Wananiita Mama Mkubwa, kijiji kizima, hata wazee walionizidi umri. Linatosha kichwani, nitalivaa.

Mwambie mama yako iliki aongeze, na huyo Suzana asikushike nywele, hajui kusuka. Mwambie pia kwamba yeye salamu yako ya kwanza alikataa kuitikia, aliikunja akaikalia. Mimi yangu imeniuma vilevile, labda zaidi, lakini naiitikia siku ile ile. Alijue hilo.

Marahaba, mwanangu. Marahaba.

Mama mkubwa wako,
Zamda